Jina Lililofutwa Bado Linaitika

Mwanangu Aline,

Kama umenitii, unaisoma hii gari likiwa limeshaiacha Kanama na mimi nimeshashuka. Kama hukunitii, ikunje uirudishe mfukoni, tafadhali. Nataka uwe na dirisha na barabara mbele yako, siyo uso wangu. Ukiuona uso wangu utanihurumia, na sitaki unihurumie kabla hujafika mwisho.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho babu yako alichonifundisha kuandika tulipokuwa bado Tanzania, na Kinyarwanda changu cha kwenye karatasi huwa unakicheka. Sasa hivi uko Rubona kumuaga shangazi yako. Mvua imeanza, najua itakuchelewesha, na leo nashukuru. Nimefunika cherehani, nimesogeza vitambaa, nimekaa kwenye kiti chako. Habari za blanketi na dawa na sufuria tulishazimaliza juzi. Sitazirudia.

Nianze na siku ile niliyokufungia kompyuta.

Ulikuwa umekaa hapa hapa, na lile daftari lako la kwenye kompyuta, lenye visanduku: kimoja unaandika maelezo, kingine unaandika maagizo, unabonyeza, jibu linatokea chini yake. Chini ya jina moja kulikuwa na mstari mwekundu wa mawimbi. Nilikuwa nimesimama nyuma yako na uzi mdomoni. Nikakuuliza, "Huo mstari unasema nini?"

Ukajibu bila kugeuka, "Unasema jina halipo. Lakini nikibonyeza linajibu. Achana nao, Mama, unadanganya."

Nikaifunga kompyuta vidole vyako vikiwa bado juu yake. Ulipiga kelele. "Mama! Kazi yangu!" Mimi nikasema tu, "Izime. Iwashe upya. Anza juu." Wewe ukadhani ni hasira. Ndipo ukaniambia lile neno: "Wewe unajua nini? Si walikufukuza kwa sababu hukujua?"

Nilikwenda jikoni nikamenya viazi ambavyo hatukuvihitaji. Jioni ulikuja kuomba msamaha, ukanishika kiuno kama ulivyokuwa ukifanya ukiwa mdogo, na mimi nikakusamehe kosa ambalo halikuwa lako. Nilikuacha uamini kwamba nilifukuzwa kwa kutojua. Aibu hiyo ilikuwa ndogo kuliko aibu yenyewe.

Sikufukuzwa, Aline. Niliondoka mwenyewe. Nilijua kazi ile vizuri kabisa, ndiyo maana sina pa kujificha.

Ningeweza kuendelea kunyamaza, nimeshazoea. Lakini Jumatatu utaanza kazi Kigali, na wa kukuongoza ni Odette. Odette aliketi meza moja na mimi kituo cha afya, kabla hajahamia huko. Anajua. Sidhani kama atakuambia kwa ubaya, ila siku moja mtakuwa mnakula, atasema, "Mama yako na yale mambo ya Kanama, maskini," akidhani unajua. Sitaki uyapokee hivyo, na kijiko mkononi. Nataka uyapokee kwangu.

Unajua nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na saba. Shule niliiacha na sare ikiwa bado mpya. Baba yako alivuka mpaka wa Goma pale Petite Barrière akisema atarudi, na kwa muda mrefu nilikuwa kila nikipita pale natazama nyuso za wanaorudi na mizigo. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kujifunza kompyuta miezi sita, nikiwa mtu mzima kati ya watoto, nilijifunza kama mtu anayenyweshwa maji. Cheti kile kilikuwa kitu cha kwanza maishani nilichokianza nikakimaliza. Kituo cha afya kikanichukua pamoja na Odette. Mlinzi wa getini akaanza kuniita madamu. Usicheke. Nilikuwa napita lile geti mara mbili ili anisalimie.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mwezi washauri wa afya wa vijiji walipima watoto wadogo kwa ile mizani ya kuning'iniza, wakaandika uzito kwenye karatasi, wakatuletea. Sisi tuliingiza. Halafu daftari la kompyuta lilichagua watoto ambao uzito wao umepungua, likatoa orodha. Orodha hiyo ilichapishwa na kupelekwa vilimani, maana kwetu kila kijiji ni kilima chake, na mama aliyeitwa jina alishuka na mtoto wake, akapimwa vizuri, akapewa unga wa uji na kufuatiliwa. Ambaye jina lake halikutoka alikaa nyumbani, akijua mtoto wake hana neno. Ndivyo walivyotuamini.

Mwezi mmoja, miaka minne iliyopita, kilima kipya kiliongezwa, kule juu Kanama. Mshauri wake alikuwa Mama Veridiana. Ndiyo, huyo huyo wa maharage, uliyelala kwake likizo nzima ukarudi unajua kukamua mbuzi. Uliniuliza mara ngapi kwa nini hatuendi tena? Nilisema shamba lake liko mbali. Siyo mbali. Umelipita leo.

Asubuhi nilikuwa nimeingiza vilima vitano, nikaviita kwa jina moja, "watoto". Orodha ya majaribio nikaitoa, ikawa sawa. Mama Veridiana akafika kabla ya saa sita, amelowa, karatasi zake amezifunga kwenye plastiki ndani ya kitenge. Alikuwa ameishi Goma miaka mingi, Kiswahili chake ni cha huko. Akasema, "Josiane, mutoto wangu, angalia vizuri, mi naandikaka mubaya. Huyu wa Claudine amepunguka mara mbili sasa."

Claudine ni yule aliyekuwa akivusha nyanya kwenda Goma, kichwani, kila siku. Mtoto wake aliitwa Ineza. Nilimwingiza Ineza kwa vidole vyangu. Nakumbuka hata namba, lakini sitaiandika hapa.

Baada ya kuingiza, nikarudi kwenye kisanduku cha juu nikaongeza kilima cha sita. Na ili nisichanganye ya asubuhi na ya mchana, nikabadilisha jina: badala ya "watoto" nikaandika "watoto_wote". Nilibadilisha kwa mkono, pale juu tu. Ile programu ya kuandikia ina njia ya kubadilisha jina mara moja likafuata kila lilipo, hata kwenye visanduku vya chini kabisa. Tulifundishwa na niliijua. Lakini mvua ilikuwa imekata umeme mara mbili siku hiyo, betri ilikuwa inakwisha, na orodha ilikuwa inasubiriwa na pikipiki nje.

Kisanduku cha chini, kile kinachochagua waliopungua, kikabaki kinasema "watoto". Mstari mwekundu ukatokea chini ya jina. Nikabonyeza. Orodha ikatoka. Safi, ina majina, ina vilima, ina mpangilio.

Odette akainama akatazama. "We Josiane, kule chini iko nyekundu."

"Inajibu."

"Naona inajibu. Mbona sasa inalia?"

"Bon, kama inajibu, donc iko sawa. Hii programu tangu asubuhi inanichorachora kama mwalimu mlevi."

Akacheka mpaka akashika meza. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimemchekesha, nikaingia kwenye mipangilio nikaizima mistari yote. Ukurasa ukabaki mweupe, mzuri. Nilifurahi kuutazama.

Wewe umesoma kuliko mimi, utakuwa umeshaona. Lakini acha niandike nilivyokuja kulielewa mwenyewe, kwa sababu limenikaa miaka minne. Ndani ya daftari lile kuna wawili. Mmoja analisoma kama unavyosoma barua hii, kutoka juu hadi chini, visanduku vyote, na hajui chochote isipokuwa kilichoandikwa. Huyo ndiye anayechora mistari, anayekumalizia maneno, anayekuambia jina hili limetoka wapi. Wa pili hasomi. Yeye anakumbuka tu. Kila ulichowahi kumwambia tangu umwashe anacho, hata ukifuta, hata ukibadilisha. Ukimwita kwa jina ulilolifuta, anaitika. Anaitika kwa sauti ile ile, bila kusita, na mkononi anakupa ya asubuhi.

Mimi nilimwamini aliyeitika. Aliyesema ukweli nilimzima kwa sababu alikuwa ananichosha.

Kwa hiyo orodha iliyokwenda vilimani ilikuwa ya vilima vitano. Kilima cha Mama Veridiana hakikuwa na hata jina moja. Naye alipopokea karatasi na kuona hakuna wake, alimwambia Claudine, "Wameona mutoto iko sawa. Donc tumushukuru Mungu." Claudine akaendelea kuvuka na nyanya zake, Ineza akabaki na bibi yake.

Mwezi uliofuata nikafungua daftari. Katikati kompyuta ilikuwa imezimwa na kuwashwa mara nyingi, kumbukumbu imefutika. Nikabonyeza kisanduku cha juu, kikaenda. Nikabonyeza cha chini, kikagoma: jina hili silijui. Nilikaa nikakitazama. Nikaweka mshale juu ya lile jina, nikaiomba programu inipeleke pale jina lilipozaliwa. Unajua inavyofanya, kwa kawaida inaruka mara moja na kukusimamisha kwenye mstari wenyewe. Safari hii haikunipeleka popote. Nikabonyeza tena. Nikawasha mistari yangu. Nyekundu ikarudi mahali pale pale, kama mtu aliyekuwa amesimama nje ya mlango mwezi mzima.

Nikabadilisha jina, nikaingiza karatasi za mwezi uliopita, nikatoa upya orodha iliyopaswa kutoka. Kilima chote kikatokea. Ineza alikuwa wa tatu kutoka juu.

Alikuwa ameshazikwa siku tisa kabla.

Nesi alisema ni kifua. Alisema kifua kinachukua hata watoto wanene. Labda. Labda angeitwa, angepewa uji, na kifua kingemchukua vile vile. Sijui, Aline, na hakuna daftari la kunionyesha. Watu husema mtu asijilaumu kwa kitu asichokijua, lakini wao hawalali na hicho kitu.

Kama ningeishia hapo, nadhani ningekuwa nimeshakusimulia zamani. Mtu anakosea. Lililofuata sikulikosea. Nililichagua.

Msimamizi wetu aliitisha kikao. Aliuliza kwa nini kilima kile hakikuwa kwenye orodha. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Karatasi za kule zilichelewa." Maneno manne. Odette akanitazama. Nilikuwa nalifikiria lile geti, na mlinzi, na madamu. Nilikuwa nakufikiria wewe na shule yako, nakiri, lakini usichukue hilo kama zawadi. Niliogopa kurudi kuwa msichana aliyeacha shule. Hicho tu.

Nje Odette akanishika mkono. "Wewe uliniambia inajibu."

"Najua."

"Mi sisemi kitu, Josiane. Mimi pia nilicheka. Lakini usije kwangu kutubu, mi siyo padri." Na toka siku hiyo hakunitania tena. Alikuwa ananiambia habari za kazi tu.

Mama Veridiana akaitwa. Aliambiwa aiache kazi ya ushauri, arudishe mizani. Alishuka nayo siku ya Alhamisi, ameifunga kwenye kitenge kile kile. Nilidhani atapiga kelele. Nilitamani apige kelele, ningesema ukweli, naapa ningesema. Badala yake akaja kwenye meza yangu, akaiweka mizani taratibu, akaniambia, "Josiane, mutoto wangu, labda ni kweli nilichelewa. Mi nakumbuka mvua, sikumbuke siku. Nimekuwa muzee, nasahau. Umwambie Claudine anisamehe, mi naogopa kumuangalia."

Nikamwambia, "Sawa, Mama."

Sawa, Mama! Nimeyasikia maneno hayo juu ya cherehani hii kila siku kwa miaka minne. Aliamini, Aline. Kumbukumbu yake ilikuwa nzima, na mimi niliifuta nikaweka yangu. Mpaka leo yuko kule juu anaamini kwamba alichelewa, na kwamba Ineza alikufa kwa sababu yeye ni mzee. Watu wa kilima wanaamini hivyo pia. Nasikia hakuna tena anayempelekea mtoto amshike.

Wiki mbili baadaye niliacha kazi. Niliandika kwamba mgongo unauma. Nikarudi kwenye sare za shule, na wewe ukaambiwa na watoto wa jirani kwamba nimefukuzwa, nami nikaliacha jina hilo liitike.

Sasa unakwenda kukaa kwenye kiti kama kile nilichokaa. Sikuzuii. Una mkono mwepesi na unapenda kujua kitu kimetoka wapi. Mimi nilipenda kionekane kimekamilika. Nilipokuona unacheka na ule mstari mwekundu, nilisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka mdomoni mwako, ndiyo maana nilikufungia kompyuta namna ile. Nisamehe kwa kukutisha. Kwa kuifunga, hapana, sitaomba msamaha.

Utakutana na siku ambayo watu wanasubiri nje na jibu limeshatoka, zuri, na kitu kidogo pembeni kinakusumbua. Siku hiyo utachekwa ukisema ngoja. Odette mwenyewe, nadhani, hatakucheka. Zima, washa, pitisha yote tangu juu, utazame kama bado linasimama. Dakika tano. Mimi nilikuwa nazo, betri ilikuwa haijaisha. Pikipiki ile ilikaa robo saa nzima nje ikisubiri dereva amalize chai.

Na ukikosea, maana utakosea, liseme kosa likiwa bado dogo. Mwezi wa kwanza kosa langu lilikuwa jina moja kwenye kisanduku kimoja. Sasa lina watu ndani yake.

Niliposema kesho nakusindikiza mpaka Kanama kwa sababu napeleka sare, nilikudanganya. Naomba uwe uongo wangu wa mwisho kwako. Ule mfuko wa bluu niliokuzuia kuubeba hauna sare. Una orodha mbili: iliyokwenda na iliyopaswa kwenda. Na una karatasi za Mama Veridiana zenyewe, zile alizozileta kwenye plastiki. Nilizichukua kwenye kabati la kituo siku ile ya kikao, nikazificha chini ya vitambaa, kwa sababu juu pembeni, kwa mkono wake anaosema ni mbaya, ameandika siku aliyozileta. Ni siku ile ile ya orodha. Maandishi yamefifia kidogo lakini yanasomeka.

Nimewaza kumtuma mtu. Nimewaza kuandika barua, kama hii. Lakini yeye hasomi vizuri bila miwani, na angempa jirani amsomee, na si haki jirani ajue kabla yake. Nitampa karatasi yake mkononi. Halafu nitamwomba anipeleke kwa Claudine. Nitamwambia Claudine kama nilivyokuambia wewe, pamoja na lile ambalo sijui.

Sijui nitapokelewaje. Labda utasikia mambo. Labda kituo kitaniita, labda watu hawataleta tena nguo zao kwangu. Ukiulizwa huko Kigali kama wewe ni mtoto wa Josiane, sema ndiyo, ukiweza. Usipoweza siku ya kwanza, nitaelewa. Nakuomba tu usimlaumu Odette, na usimlaumu mtu mwingine kwa niaba yangu. Hilo limeshafanyika vya kutosha.

Nasikia mlango wa chini. Ni wewe, unafuta matope, unaimba ule wimbo wa kwaya ambao huujui mwisho wake. Naikunja.

Niliposhuka pale barabarani utakuwa umeona napanda kilima badala ya kwenda sokoni. Usiwaambie wasimamishe gari. Naweza kufika nikamkuta Mama Veridiana hayupo, nitamsubiri. Anaweza kunifukuza, nitaondoka. Lakini hata akinifukuza, atakuwa ameshaishika karatasi yake, na atajua kwamba hakuchelewa.

Mama yako,
Josiane